Mzigo Usipotee Njiani: Jinsi Matoleo ya Kazi Yanavyosafiri Kati ya Tarakilishi

Muhula uliopita jarida hili nusura lisitoke. Tulikuwa wahariri watatu, kila mmoja na flashi yake, na siku moja mwenzetu akabandika folda yake juu ya yangu. Mashairi manne niliyoyasahihisha kwa wiki mbili yakapotea vivi hivi! Mwalimu wa somo la tarakilishi alipotuona tumenuna akatufunza kutumia Git, na hapo ndipo nikaanza kujiuliza: kazi hizi husafiri vipi toka tarakilishi moja hadi nyingine bila kuchanganyikana wala kufika nusunusu?

Git ni mfumo wa kutunza matoleo. Uliundwa na Linus Torvalds mwezi wa Aprili 2005, kwa ajili ya waandishi wa Linux waliotawanyika kote duniani. Kila unapohifadhi kazi, mfumo huweka toleo jipya pasipo kufuta la zamani, na kila toleo hupewa alama, kwa kawaida ya tarakimu na herufi 40, itokanayo na yaliyomo ndani. Ukibadilisha nukta moja tu, alama huwa nyingine kabisa. Halafu yapo majina ya matawi, ambayo kazi yao ni kuelekeza kidole: toleo la sasa ni lile pale.

Sasa, mtunzaji na msafirishaji si mtu mmoja. Mkulima anayetuma gunia la viazi kwa basi hana haja ya kuijua injini. Anataka kujua basi linafika wapi, linakubali mzigo gani, na yeye atajuaje kwamba mzigo umefika. Mapatano hayo ndiyo kiungo kati ya mfumo na njia, na kuyatunga si mchezo. Ukidai mengi mno, njia nyingi zitashindwa kuyatimiza. Ukidai machache mno, utasafiri kwa taabu.

Mfumo mmoja uitwao Bazaar, ulioanza mwaka huohuo wa 2005 kwa ufadhili wa kampuni ya Canonical, uliweza kudai machache: njia isome faili, iandike faili, iunde folda, ibadilishe jina. Basi! Seva yoyote ya FTP au SFTP iliweza kuwa hazina, hata kama Bazaar yenyewe haimo humo. Lakini je, watu wawili wakiandika kwa wakati mmoja? Hebu tazama ujanja huu. Kila mmoja huunda folda yenye jina la muda, hutia ndani yake habari za kumtambulisha, kisha hujaribu kuibadilisha jina iitwe jina moja lililokubaliwa na wote. Ikiwa tayari ipo folda ya jina hilo na ina kitu ndani, jaribio hukataliwa, naye aliyechelewa hungoja. Ni kama sisi tunavyowahi benchi ya mbele kwa kuweka mkoba. Niliposoma mbinu hii nilicheka peke yangu.

Ubaya wa njia bubu kama hiyo ni wingi wa safari. Unaomba faili, unangoja, unaomba nyingine, unangoja. Kila ombi likichukua nusu sekunde, faili 1,000 zikiombwa moja moja zitachukua sekunde 500, yaani zaidi ya dakika nane, na bado hatujahesabu uzito wa faili zenyewe.

Kwa hiyo Git hupendelea ncha mbili zinazozungumza. Seva hutaja majina iliyo nayo na alama zake. Wewe unasema, "Nataka hili, ninalo lile na lile." Seva hulinganisha, ikafunga pamoja yale tu unayoyakosa, ikayatuma kama mzigo mmoja. Kwa njia ya HTTP, mazungumzo haya yaliwezekana tangu toleo la 1.6.6 la mwishoni mwa 2009. Kabla ya hapo HTTP ilikuwa bubu. Hata hivyo seva ilikuwa na domo: ilitaja majina yote hata ukitaka moja tu. Utaratibu mpya wa 2018, ambao mwaka 2020 ulifanywa kuwa wa kawaida, ulikuruhusu useme mapema unataka majina gani.

Jambo lililonipendeza zaidi ni adabu ya Git kwa njia isiyoijua. Huita programu ndogo ya msaidizi, na swali la kwanza huwa, "Unaweza nini?" Msaidizi hujibu: naweza kuleta, naweza kupeleka. Git nayo haiombi zaidi ya hayo.

Katika kupeleka, mpangilio ndio ulinzi. Mzigo hutangulia, jina huhamishwa mwisho. Tena unasema, "Jina hili lilikuwa kwenye toleo lile, sasa lihamie hili." Ikiwa mwenzako amekwisha kulihamisha, unakataliwa. Na stima ikipotea katikati, jina bado linaelekeza kwenye toleo la zamani lililo kamili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Njia haina uchungu na kazi yako, kwa hivyo ulinzi lazima uwe kwenye ncha.

Lakini akili nayo ina gharama yake. Jioni moja tulikuwa tukileta picha za jarida, bando likaisha karibu tumalize. Tuliponunua jingine, Git ilianza mwanzo! Mzigo ukija kama kitu kimoja, nusu yake haifai kitu. Kwa njia bubu, angalau faili zilizokwisha kufika zingebaki.

Tuliokolewa na furushi. Tangu 2007 Git huweza kuandika matoleo na majina yake katika faili moja, pamoja na orodha ya matoleo ambayo mpokeaji sharti awe nayo tayari. Asipokuwa nayo, furushi hukataa kufunguka. Mwenzetu aliyekuwa likizoni kwao, mahali mtandao haushiki, alilitia furushi lake kwenye flashi na kumkabidhi kondakta wa matatu. Tuliichomeka, tukatoa amri ileile ya kuleta, tukitaja faili mahali pa seva. Git haikuuliza barabara ilikuwa ipi. Zilifika insha mbili na shairi moja, zote salama, na kondakta akadai shilingi hamsini.