Maneno Matatu ya Kiingereza Yanayofanana

Watu wengi wajifunzao Kiingereza huchanganya maneno haya matatu: "imaginary", "imaginative" na "imaginable". Yote yana asili moja, neno la Kilatini "imago", maana yake sanamu au mfano. Lakini kila moja lina kazi yake.

"Imaginary" ni kitu kisichokuwako ila katika fikira. Mstari wa Ikweta upitao karibu na mji wa Nanyuki ni wa namna hii: katika ramani umechorwa, lakini ardhini hauonekani. Neno "fictitious" lakaribiana nalo, ila mara nyingi hutumika kwa jambo lililobuniwa, pengine kwa hila, kama jina la uongo.

"Imaginative" ni sifa ya mtu au kazi yenye ubunifu. Maneno ya jamaa yake ni "creative" na "inventive". Shaaban Robert alipotoa kitabu chake Kusadikika mwaka 1951, nchi aliyoieleza ilikuwa "imaginary", bali mwandishi mwenyewe alikuwa "imaginative".

"Imaginable" ni jambo liwezalo kufikirika, hata kama halijapata kutokea.

Kosa hapa si dogo. Mwalimu akimwandikia kijana barua ya sifa ili apate kazi, akataja "imaginary ability", atakuwa amesema kwamba uwezo wa kijana huyo haupo. Barua iliyokusudiwa kumsaidia yaweza kumnyima kazi.

Basi, kabla ya kuandika yafaa kujiuliza: je, ni kitu kisichokuwako kinachotajwa, au ni akili ibuniyo inayosifiwa?