Fahamu: Programu moja ya C inavyoendesha kazi nyingi kwa zamu

Mpishi wa kibanda sokoni Kiritiri, kaunti ya Embu, huinjika maharagwe, kisha husukuma chapati. Sufuria ikichemka, huacha kusukuma, hukoroga, halafu hurudi kwenye donge lilelile. Korutini hufanya kazi hivyohivyo.

Korutini ni nini?
Ni sehemu ya programu inayoweza kusimama katikati, ikapisha nyingine, kisha ikaendelea palepale ilipoachia. Mwanasayansi wa kompyuta Melvin Conway aliipa jina hilo mwaka 1958.

C hufanyaje?
Lugha ya C haina korutini zake yenyewe, lakini mfumo wa Windows hutoa faiba, yaani kazi zinazopishana kwa namna hiyohiyo. ConvertThreadToFiber hufungua njia kwa kugeuza uzi (mkondo wa utekelezaji wa programu) kuwa faiba, CreateFiber huipa kila kazi staki yake (eneo lake la kumbukumbu), na SwitchToFiber hubadilisha zamu. Thamani zilizo kwenye rejista za prosesa huhifadhiwa hadi zamu irudi.

Tahadhari ni ipi?
Mfumo hauiamuru faiba kupisha faiba nyingine. Moja ikikatalia zamu, wenzake kwenye uzi uleule hukwama.

Kijana unayejifunza C, anza na faiba mbili zinazopokezana kuhesabu hadi 10. Ukizielewa hizo, umeshaelewa msingi wote.