Msumeno na Kisu vya Kupandia Mti

Kila mvua ya Machi inapokaribia, huku kwenye miteremko ya Mlima Kenya utasikia mapanga yakilia juu ya miti. Ni wakati wa kupogoa mgrivea, ule mti wa asili ya Australia ulioletwa kutia kivuli kahawa na chai, na ambao leo umesimama kwenye mipaka ya mashamba mengi ya Embu, Meru na Kirinyaga. Tunakata matawi ili mahindi yapate jua na jikoni kupatikane kuni. Kazi ni nzuri. Vyombo tunavyopanda navyo ndivyo vinavyotutia wasiwasi, kwa sababu mtu akianguka kutoka futi 30 hakuna harambee itakayomrudishia mgongo wake. (Tukisema kupanda hapa ni kule kukwea, si kule kwa miche.)

Wengi watatuuliza: kwani panga lina ubaya gani? Baba zetu si walilitumia? Walilitumia, na baadhi yao tunajua walivyoumia. Panga hufanya kazi kwa kurushwa. Ukiwa chini, umesimama kwa miguu miwili, hilo si neno. Ukiwa juu, mkono mmoja umekumbatia shina, kila pigo linakusukuma na wewe pia, na likikosa tawi litatafuta kitu kingine: goti, mkono ulioshika, au kamba uliyojifunga. Tena panga hupasua. Tawi la mgrivea huvunjika upesi. Likikatwa nusu kutoka juu linabanduka na kushuka na ganda refu la shina, na uozo unaingia hapo. Baada ya miaka 10 mnunuzi wa mbao akija ataona kidonda hicho, na bei itashuka mbele ya macho yako. Basi sisi tunasema panga libaki chini, likatekate kuni.

Kinachopanda ni msumeno, lakini si kila msumeno. Ule wa seremala hukata ukisukumwa, na juu ya mti kusukuma ni kujisukuma mwenyewe utoke kwenye shina. Meno yake pia ni madogo, yamefanyiwa mbao iliyokauka. Ukiutia kwenye mti mbichi, unga wenye maji unajaa katikati ya meno na msumeno unakwama. Msumeno wa upinde, ule wenye bomba lililokunjwa, ni mzuri sana kwa gogo lililolala, ila juu ule upinde unagonga kila tawi la jirani.

Unaofaa ni msumeno wa kupogolea. Wembe wake umepinda kidogo kama mundu, urefu wake sentimita 30 hadi 35, yaani kama futi moja, na meno yanaangalia nyuma, upande wa anayeushika. Huo hukata ukivutwa. Chuma kinachovutwa hunyooka chenyewe, kwa hivyo wembe unaweza kuwa mwembamba, na wembe mwembamba haukuchoshi. Ule mpindo nao unasaidia meno yaume bila wewe kukandamiza. Tawi la unene wa sentimita 15 ndio mwisho wake. Zaidi ya hapo muite mtu mwenye vyombo vikubwa.

Dukani usidanganywe na rangi ya mpini. Hesabu meno: 6 au 7 kwa kila inchi yanatosha kwa mti mbichi. Kisha inua msumeno uutazame kwa urefu, kama mtu anayelenga bunduki. Uone jino moja limeelekea kushoto kidogo, linalofuata kulia, hadi mwisho. Huko kupishana ndiko kunakofungua njia pana kuliko wembe, usibanwe. Iko misumeno mingine ambayo meno hayapishani, lakini mgongo wa wembe umefanywa mwembamba kuliko upande wa meno. Hiyo pia ni sawa. Usiyoitaka ni ile ambayo haina hili wala lile, na sokoni imejaa.

Tazama pia ncha za meno. Zikiwa na weusi au rangi ya buluu, zimekomazwa kwa moto. Zitakaa na makali muda mrefu, lakini yakiisha tupa haitazishika, itateleza tu. Kabla ya kulipa, uliza kama wembe wa akiba unauzwa peke yake. Meno ambayo hayakukomazwa hunolewa kwa tupa ya pembetatu, na kusema kweli kwa mtu wa kijijini tunaona hayo yana faida zaidi, mradi kuwe na fundi karibu.

Mpini utikise. Kumbukumbu la Torati 19:5 inataja chuma cha shoka kinachotoka kwenye mpini na kumuua jirani, na chini ya mti wako kuna mtu anayekusanya kuni. Msumeno wa kukunja ni rahisi kubeba, ila kuukunja kunataka mikono miwili, nawe juu una mmoja. Afadhali usiokunjwa, uwe ndani ya ala pajani. Ala si lazima ununue: kipande cha bomba la plastiki la maji, kikipashwa moto na kubanwa kiwe bapa, kinatosha. Ufunge kiunoni kwa uzi wa katani mwembamba, usitumie kamba nene. Tawi likianguka na msumeno ukiwa umebanwa ndani, uzi utakatika. Kamba nene itakwenda na wewe.

Kisu nacho ni cha nini? Kukata mitambaa iliyozinga shina, vijiti vidogo, na zaidi ya yote kukata kamba iliyonasa wakati hakuna njia nyingine. Kwa hiyo kiwe kifupi, wembe wa vidole vinne, ncha butu, kwa kuwa ncha kali hukuchoma wewe ukiteleza. Mafundi wa jua kali wanafua visu vizuri kutokana na springi za lori. Chuma hicho hushika kutu lakini kinanoleka kwa kinoo cha kawaida. Kama kamba yako ni ya nailoni, chagua wembe wenye meno kiasi karibu na mpini. Na kisu kisitoke alani karibu na kamba inayokubeba. Kamba iliyokaza kwa uzito wa mtu haihitaji kukatwa, ikiguswa tu na makali inaachana.

Kukata kwenyewe ni mara tatu. Kwanza kwa chini ya tawi, mbali na shina kama futi moja, robo ya unene. Pili kwa juu, mbele kidogo ya hapo. Tawi litaanguka bila kuchuna ganda. Tatu kata kile kisiki kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe unaozunguka mzizi wa tawi. Uvimbe huo usiuguse, ndio unaofunga kidonda. Mti uliokaribia nyaya za stima usipande kabisa, hata kwa chombo kizuri namna gani.

Ukishuka, futa utomvu kwa kitambaa na mafuta ya taa, hasa ukitoka kwenye msonobari, kisha mafuta kidogo ya kuzuia kutu. Utomvu ukikauka usiku mmoja, kesho utadhani msumeno umeisha makali, nawe utaupeleka kwa fundi bure.