Mbio za Thelujini katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Wahenga walisema: kuteleza si kuanguka. Katika mbio za thelujini, kuteleza kwa vibao virefu vilivyofungwa miguuni ni ufundi. Kuanguka ndiko kunakoogopwa. Mashindano ya ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani yalianza mwaka 1954, na Chuo Kikuu cha Denver kikashinda. Tangu 1983, wanaume na wanawake hushindania kombe moja.

Mbio hizo ni za namna mbili. Katika ya kwanza, mtelezaji hushuka mlima mara mbili akipinda kati ya milingoti, na nyakati zake hujumlishwa. Akikosa lango moja, huondolewa. Katika ya pili, hupanda na kushuka masafa marefu kwa nguvu za miguu na mikono. Kwa kila namna, chuo hupeleka wanaume wasiozidi watatu na wanawake wasiozidi watatu, na alama zao hujumlishwa. Kwa hiyo mmoja akianguka, pengo lake halizibiki.

Mwaka 2020, huko Montana, mashindano yalikatizwa katikati kwa sababu ya korona, Chuo Kikuu cha Utah kikiongoza. Timu zilizojiandaa msimu mzima zikarudi makwao bila bingwa kutangazwa.