Reli ya Mchezo: Umbo la Chuma na Rangi Yake

Kaeni vizuri, mchukue na kalamu, maana leo kuna hesabu kidogo.

Tuseme wewe na wenzako mmeitwa kutoa shauri. Kuna kiwanja kikubwa Temeke, kando ya Barabara ya Kilwa, si mbali na viwanja vya Sabasaba, na hapo panatakiwa kujengwa rolakosta ya chuma. Ni mfano tu. Msianze kupanga foleni. Lakini mtu akikuuliza iwe na umbo gani, na ipakwe rangi gani, utajibu nini?

Kwanza tujue kitu chenyewe. Rolakosta ni reli ya mchezo iliyoinuliwa juu ya nguzo, yenye kupanda na kushuka kama vilima. Magari madogo yaliyofungamanishwa huvutwa kwa mnyororo mpaka kilele cha kwanza, kisha huachwa. Tangu hapo hayana injini. Uzito wao wenyewe ndio unaoyapeleka. Aliyewahi kuteleza kwenye mabomba ya maji kule Kunduchi, Kinondoni, amekwisha onja nusu ya jambo hili.

Kwa hiyo swali la kwanza si rangi, bali kimo cha kilima cha kwanza. Andika: kilima cha mita 20 huwapa abiria mwendo wa kilometa 71 hivi kwa saa wafikapo chini. Kilima cha mita 45 huwapa kilometa 107 hivi. Hapo hatukuhesabu upepo wala msuguano wa magurudumu. Sasa tazama vizuri. Kimo kimezidi mara mbili na robo, lakini mwendo umezidi mara moja na nusu tu. Basi mwenye fedha akidai kimo maradufu ili apate mwendo maradufu, mweleze taratibu kwamba hesabu haitaki. Tena kila kilima kinachofuata hakina budi kuwa kifupi kuliko kile cha kwanza, kwa sababu msuguano hudokoa nguvu njiani. Ziko reli ambazo hazitegemei kilima: ile ya Abu Dhabi iitwayo Formula Rossa, iliyofunguliwa mwaka 2010, husukumwa kwa mtambo hata ikafika kilometa 240 kwa saa, na abiria huvaa miwani ya kukinga macho na vumbi na wadudu. Sisi Temeke tutosheke na kilima.

Je, abiria wapinduliwe kichwa chini? Watu hupenda. Lakini hapa ndipo umbo linapoweza kuumiza. Mwaka 1895 huko Coney Island, Marekani, ilikuwako reli yenye kitanzi cha duara kamili, na waliopanda walishuka wakishika shingo. Sababu ni hii: katika duara kamili, gari likiwa na mwendo wa kutosha tu kupita juu bila kuanguka, pale chini abiria hulemewa na mzigo mara sita ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 hujiona ana kilo 360, yaani zaidi ya magunia matatu ya mahindi. Dawa ilikuwa kuacha duara na kuchora kitanzi kama tone la maji: juu pembamba, chini pamenyooka zaidi, ili gari lipinde kwa upole linapokwenda kasi. Kitanzi cha namna hiyo kilifanikiwa katika reli iitwayo Revolution, California, mwaka 1976. Waliohusika ni Wajerumani wawili, Anton Schwarzkopf na Werner Stengel.

Umbo la namna hiyo lilitaka bomba. Hapo zamani reli hizi zilikuwa za mbao, na juu yake bamba la chuma. Mwaka 1959, Disneyland ilifungua Matterhorn, ambayo reli yake ilikuwa bomba la chuma. Bomba hupindwa upande wowote, na gari hulishika kwa magurudumu ya namna tatu: ya juu yabebayo uzito, ya pembeni yaongozayo, na ya chini yazuiayo gari lisiruke. Fundi wa kuchomelea wa Keko ataelewa upesi kuliko mimi. Asisahau tu kwamba chuma huvimba kwa joto: mita 100 za chuma, joto likizidi nyuzi 20, hurefuka milimita 24. Lazima pawe na mahali pa kupumulia.

Haya, sasa rangi.

Wengi hudhani rangi ni pambo, kama kanga ya sikukuu. Katika chuma, kwanza ni dawa. Sisi tunakaa kando ya bahari, na upepo wake huleta chumvi. Chumvi hushika unyevu, na unyevu huzaa kutu. Kwa hiyo chuma hupigwa mchanga kwa nguvu ya upepo mpaka king'are, kisha hupakwa rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi nzito ya kati, ndipo ile ya juu ambayo watu huiona. Anayepaka ile ya juu pekee amevika kanzu nyeupe juu ya mwili usiooga.

Hata hivyo macho nayo yana haki yake. Daraja la Golden Gate huko Marekani, lililofunguliwa mwaka 1937, nusura lipate mistari myeusi na ya manjano, maana jeshi la majini lilitaka meli zilione. Msanifu wake, Irving Morrow, alitazama vyuma vilivyoletwa na rangi nyekundu ya msingi, akaona inapendeza mbele ya bahari na vilima. Ndipo ikachaguliwa rangi ya chungwa iliyoiva, inayoonekana hata katika ukungu. Huko Alton Towers, Uingereza, ilikatazwa michezo kupita vilele vya miti. Basi reli yao ya Nemesis, ya mwaka 1994, ilichimbiwa shimo katika mwamba. Wakati huo reli ilikuwa nyeupe. Ilipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2024, ikawa nyeusi. Umbo lile lile, lakini atazamaye huona mnyama mwingine.

Rangi nyeusi ingefaa Temeke? Mimi nasema hapana. Chuma cheusi hunywa jua kuliko cheupe, nasi tuna jua la kutosha. Nyekundu na nyeupe? Nusu ya jiji itasema reli ni ya Simba. Njano na kijani? Nusu nyingine itasema ni ya Yanga. Usicheke, mchezo wa watu wote ukionekana kuwa wa upande mmoja, mlango wa tiketi utaisikia habari hiyo. Lakini kumbuka uwanja wa ndege hauko mbali. Wenye kulinda anga wakisema kilele kionekane kwa marubani, kitapakwa mapande ya nyekundu na nyeupe kama minara ya simu, na hapo Yanga watanung'unika bure.

Shauri langu ni hili. Nguzo ziwe kijivu chepesi chenye kuelekea buluu, zipotelee angani, ili jirani anayeanika nguo zake asione msitu wa chuma. Reli yenyewe iwe na rangi ya udongo mwekundu wa njia za mashambani. Wekundu wa udongo hutokana na chuma kilichokwisha kushika kutu, kwa hiyo hauogopi jua. Rangi nyingine nyekundu za kung'aa hupauka upesi juani. Tazama vibao vya zamani vya maduka. Kwenye magari weka rangi kali upendavyo, maana hayo ni rahisi kuyapaka upya.

Na pale bomba linapochomelewa kwenye bomba jingine, paka rangi nyeupe. Hapa sitaki mabishano. Watu watasema nyeupe huonyesha kila doa la kutu. Ndiyo maana naitaka. Chuma kikianza kupasuka, mara nyingi maji huingia ufani na kutoka yakiwa na chozi la kahawia. Juu ya rangi nyeupe utaliona ukiwa umesimama mbali. Juu ya rangi ya udongo hutaliona mpaka umechelewa. Anayekagua reli asubuhi kabla ya kufungua mlango anataka kuonyeshwa, si kufichwa. Akishuku mahali, rangi huondolewa, chuma hupakwa dawa nyekundu yenye kupenya, kisha hufutwa, na juu yake huwekwa unga mweupe. Penye ufa, wekundu hurudi juu kama mstari wa kalamu.

Nilijifunza hili kwa kitu kidogo. Katika uwanja mmoja wa watoto nilitazama pembea nzuri ya bomba, imepakwa mara nyingi, rangi juu ya rangi, mpaka kiungo chake kilikuwa kimevimba kama goti. Kila mwaka ilipendeza zaidi. Siku kiungo kilipokatika, mtoto mmoja akavunjika mkono, na sisi tukaona ndani yake chuma kilichokwisha kuliwa robo tatu. Sehemu iliyokuwa ikishika ilikuwa nyembamba kama ukucha. Waliopaka walikuwa watu wema. Walidhani wanautunza.

Kazi ya nyumbani ni fupi. Nenda kwenye pembea iliyo karibu nawe, iwe Mbagala, Mwananyamala au Tandale. Tazama viungo, si viti. Andika rangi yake, kutu inaanzia wapi, na kama kuna chozi la kahawia linaloteremka. Lete maandishi yako kwa kiongozi wa kikundi chenu. Lakini ukiona ufa, usingoje kikundi: mwite mwenye uwanja siku hiyo hiyo, na watoto washuke.