Kodi ya Nyumba Si Mshahara

Mvua za masika zinapoanza kunyesha Dar es Salaam, ndipo wenye nyumba wengi wanapokumbuka kwamba nyumba zao zina mapaa. Mpangaji husogeza kitanda, hutega ndoo na sufuria, kisha huenda kumbishia hodi mwenye nyumba. Jibu apewalo mara nyingi ni lile lile: "Vumilia ndugu yangu, kwa sasa sina kitu." La ajabu ni kwamba huyu asemaye hana kitu alipokea kodi ya miezi sita si siku nyingi zilizopita, tena ya vyumba vinne.

Leo twapenda kusema na wenye nyumba wadogo. Hatusemi na wenye maghorofa, kwa maana hao wana makarani wao na mawakili wao. Twasema na mfanyakazi aliyejenga Temeke, Manzese au Buguruni kwa kuubana mshahara wake miaka mingi. Na mjane aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe. Na mstaafu aliyeezeka kwa kiinua mgongo. Nyumba yao sote twaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na uani kuna jiko, bafu na choo. Wafanyakazi wengi wa mji huu walianzia maisha katika chumba kimoja cha nyumba kama hiyo, nasi tu miongoni mwao.

Wanachama wenzetu wanakumbuka kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, lakini vijumba vya wanyonge vikabaki mikononi mwa wenyewe. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, ilipokutana Zanzibar, ikalegeza masharti yale ya uongozi. Nayo sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi imekuwa mapatano baina ya mwenye nyumba na mpangaji. Basi leo mwanachama hakatazwi kupangisha. Lakini swali lililowasumbua waasisi wetu halikufutwa pamoja na masharti hayo: je, mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake anamrudishia nini? Jibu la mwenye nyumba ni moja tu, nalo ni nyumba nzuri. Na nyumba haiwezi kuwa nzuri ikiwa mwenyewe hajui hesabu.

Tuanze na hiyo kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, inayodaiwa mbele. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Kijana aliyeajiriwa juzi, anayepokea mshahara mwisho wa mwezi, anatakiwa kutoa shilingi 300,000 kwa mwenye nyumba, na shilingi 50,000 nyingine kwa dalali. Hizo ni shilingi 350,000 kabla hajanunua hata mkeka. Atazipata wapi? Atakopa kwa watoza riba, naye ataanza kazi akiwa mtumwa wa deni. Anayemdai fedha hizo mara nyingi ni mfanyakazi aliyewahi kudaiwa vivyo hivyo, akanung'unika, na leo amesahau.

Wenye nyumba hujitetea kwamba wapangaji wengine hutoroka na kodi, tena kwamba fedha nyingi kwa mara moja ndizo zifanyazo jambo la maana. Hoja ya kwanza ina ukweli, nasi tutairudia. Hoja ya pili ndiyo inayoangusha nyumba. Vyumba vinne kwa miezi sita ni shilingi 1,200,000. Fedha hizo zikiingia kwa siku moja huonekana kama mali iliyookotwa. Hapo hapo hutokea harusi, au msiba kijijini, au kiwanja kinachouzwa kwa bei rahisi, nazo zimekwisha. Miezi mitano iliyobaki mwenye nyumba anaishi na watu ambao amekwisha kula fedha zao. Bomba likipasuka hana senti. Ndiyo maana akimwona mpangaji anakuja, hujifanya amelala.

Kodi ya nyumba si mshahara. Mshahara ukiuliwa wote mwezi huu, mwezi ujao utakuja mwingine kwa kazi ile ile. Lakini ndani ya kila shilingi ya kodi mna kipande cha bati, cha mlango na cha choo, ambavyo vinachakaa kila siku. Anayekula shilingi yote anakula na bati lake.

Natuifanye hesabu kama wafanyavyo watu makini. Vyumba vinne kwa shilingi 50,000 ni shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Lakini hakuna nyumba inayojaa mwaka mzima. Chumba kimoja kikikaa kitupu miezi miwili, zimetoka shilingi 100,000, zimebaki 2,300,000. Hapo twashauri fungu la tano litengwe kwa ajili ya nyumba yenyewe: shilingi 460,000. Fungu hilo ndilo la kununulia mabati na misumari, la kupaka chokaa, la kubadili vitasa, la kuita gari la kunyonya choo, na la kulipa kodi ya majengo. Zinazobaki ni shilingi 1,840,000. Zigawe kwa miezi 12, utapata shilingi 153,000 na ushei. Hicho ndicho kipato chako cha kweli. Anayepanga maisha yake kwa shilingi 200,000 kila mwezi anaishi kwa fedha ambazo hana.

Na anayekwisha kupokea kodi ya miezi sita afanye nini? Azipeleke benki siku ile ile, au katika akiba nyingine isiyo mfukoni mwake. Katika zile shilingi 1,200,000 atenge kwanza 240,000 za nyumba. Zitakazobaki ni 960,000. Achukue 160,000 kila mwezi, wala asiguse zaidi.

Kuna tamaa nyingine ya kupandisha kodi kila mpangaji anaponunua kitanda kipya. Mwenye nyumba anaongeza shilingi 5,000, mpangaji anahama, chumba kinakaa kitupu miezi miwili. Amepoteza shilingi 100,000 akizifuata 5,000. Atahitaji miezi 20 ya kodi mpya kuirudisha hasara hiyo. Mpangaji anayelipa kwa wakati na kufagia uwanja ni mali. Kumfukuza kwa shilingi 5,000 ni kuuza ng'ombe kwa bei ya kamba yake.

Tukirudi kwa watorokaji wa kodi, dawa yao ni maandishi. Mkataba uandikwe nakala mbili, mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, utaje kiasi cha kodi, siku ya kulipa, muda wa kuarifiana kabla ya kuhama, nani atengeneze nini, na hali ya chumba siku ya kuingia: vioo vingapi, kitasa kizima au kibovu. Kila malipo yawe na stakabadhi, hata kama mpangaji ni mtoto wa shangazi. Tena liwepo daftari lenye kurasa mbili kwa kila mwezi, ukurasa wa yaliyoingia na ukurasa wa yaliyotoka. Mwenye mambo hayo anaweza kupokea kodi kwa miezi mitatu mitatu, hata kwa mwezi mmoja mmoja, wala asikose usingizi.

Umeme nao umekuwa chanzo cha ugomvi mwingi, kwa kuwa vyumba vitano au sita hutumia mita moja. Mwenye friji na mwenye taa moja wanachangishwa sawa. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Mwenye nyumba mwungwana huiandika katika daftari na kuipunguza katika kodi ya pango. Shilingi 18,000 kwa mwaka hazitamfilisi. Lakini akinyamaza, mpangaji atajua kwamba amedhulumiwa, na imani ikiisha kwa shilingi 1,500 hairudi kwa laki moja.

Tulipokuwa wapangaji, tulikaa kwa mama mmoja, mjane wa mfanyakazi wa reli. Hakusoma sana. Lakini kila mwezi wa Februari, jua likiwa kali, alimleta fundi akapanda juu ya paa, akagonga misumari iliyolegea na kuchungulia kenchi kama zimeingiwa na mchwa. Wapangaji wengine walicheka kwamba mama anatafuta mvua wakati wa kiangazi. Masika yalipofika, majirani walitega ndoo, sisi tukalala. Wapangaji wake walikaa miaka mingi, wala hakumjua dalali. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama yule aliziba ufa kabla haujaonekana.

Nanyi wapangaji, msidhani kwamba tumewasahau. Kodi ilipwe siku yake. Choo cha watu wote kioshwe kwa zamu. Anayevunja kioo asikifiche kwa gazeti, hata likiwa gazeti hili.

Ndugu wanachama, nyumba ya vyumba sita ni jasho la maisha ya mtu, na ndiyo pensheni ya wengi ambao hawakuwahi kuwa na pensheni nyingine. Ikitunzwa italea wajukuu. Ikiliwa, itamwangukia mwenyewe uzeeni, wakati hana tena nguvu ya kubeba tofali. Masika hayaombi ruhusa. Basi leo, kabla ya wingu la kwanza, mwenye nyumba na anunue daftari, atenge fungu la tano, kisha apande juu ya paa lake akatazame.