Usimtengenezee Babu Sura Mpya

Swali ni lilelile, hubadilika muulizaji tu: "Picha za zamani za ukoo zina ukungu, simu haizitambui sura. Nizisafishe kwanza kwa programu gani ya akili mnemba ndipo zijipange zenyewe?" Hakuna. Usizisafishe.

Anayeuliza anadhani programu hizo hufuta ukungu kama mtu anavyofuta vumbi kwenye kioo, na sura halisi ikachomoza. Hakuna sura iliyojificha. Uso wa babu ulioingia katika pikseli 20 kwa 20 una pikseli 400, basi. Kope, makunyanzi na mkato wa pua havimo. Programu huvibuni, kwa kufuata mazoea ya nyuso ilizofunzwa nazo, na nyuso hizo si za ukoo wenu. Mwaka 2020, PULSE, programu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha ya Barack Obama iliyofifishwa ikabaki vijisanduku. Ikarudisha uso wa Mzungu, safi kabisa. Ikiwa rais mstaafu wa Marekani hakusalimika, mjomba wako wa safu ya nyuma harusini atasalimika?

Programu ya kupanga picha nayo hugeuza kila uso kuwa mfululizo wa namba (FaceNet, iliyotolewa na watafiti wa Google mwaka 2015, ilitumia namba 128), kisha hupima nyuso zipi zina namba zinazokaribiana. Ukiipa sura ya kubuni, itapima sura ya kubuni. Nimeona bibi mwenye pengo akirudi kutoka kwenye programu ya kusafisha na meno kamili, ngozi imepaushwa, chale za shavuni hazipo. Binti zake wawili, waliopitishwa humohumo, wamefanana hadi wakatiwa kundi moja. Mwenye picha anashangilia kwamba simu "imewatambua". Imemtambua nani? Na faili la asili alishalifunika kwa hilo jipya.

"Je, ile ya kulipia?" Ya kulipia hubuni kwa ustadi zaidi, kwa hiyo uongo wake ni mgumu zaidi kuugundua. Tuachane na hilo.

Yafaayo ni haya. Toa picha kwenye plastiki ya albamu, iskani kwa dpi 600. Usiipige kwa simu chini ya taa. Picha iliyokujia kwa WhatsApp imebanwa: mwombe mwenyewe aitume upya kama faili. Weka nakala ya kila kitu kabla hujagusa chochote. Kwenye programu ya kupanga, thibitisha kila mtu kwa picha za rika mbalimbali, maana sura ya miaka 3 na ya miaka 30 mara nyingi huangukia makundi mawili, yaunganishe mwenyewe. Mapacha wakague mmoja mmoja. Kwenye Google Photos, jina ulilompa mtu hukaa katika akaunti yako, haliandikwi ndani ya picha. Ukitaka majina yasafiri na picha, tumia digiKam: ni ya bure, huchambua nyuso kwenye kompyuta yako mwenyewe, na inaweza kuandika majina ndani ya faili. Uso ulioshindikana kabisa, mwonyeshe shangazi, kisha uchoree kisanduku kwa mkono na uandike jina atakalokutajia. Hiyo nayo digiKam inaruhusu.